Diski ya Babu Yaenda Maskati

Bamdogo alisema saa moja na nusu tu. Alisimama katikati ya ukumbi, simu sikioni, akapaza sauti hata wapangaji wa vyumba vya nyuma wakasikia kwamba video za marehemu Babu zingefika Maskati kabla ya Isha. Ilikuwa Jumatatu, alasiri. Kule upande wa pili Shangazi alishukuru, akaomba dua, akalia kidogo. Binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa, na alichokitaka kutoka kwao Majengo, Nairobi, hakikuwa leso wala dhahabu. Alitaka siku ya arusi, wageni wakishakaa, Babu atokee kwenye kioo kikubwa, na koti lake na kofia yake nyeupe, awaombee wajukuu wake kwa sauti yake mwenyewe, vile alivyowaombea siku aliyorekodiwa.

Ahadi ikishatamkwa ukumbini mwetu hairudi nyuma. Nyanya alikwisha kuisikia.

Hesabu ya Bamdogo ilikuwa na msingi. Yeye huuza kompyuta za mitumba mjini, na miaka yote hiyo amepima bidhaa zake kwa baiti: diski ni ya gigabaiti kadhaa, flashi ni ya gigabaiti kadhaa, kunakili ni megabaiti kadhaa kwa sekunde. Video za Babu zilikuwa kanda tisa ndogo za DV, kila kanda saa moja, na saa moja ya DV ikiingizwa kwenye kompyuta hula gigabaiti 13. Jumla 117. Faiba ya nyumba ni kifurushi cha mega 20. Akagawa 117,000 kwa 20, akapata sekunde 5,850, yaani dakika 97 na nusu. Akatangaza saa moja na nusu, akaongeza inshallah.

Mjomba alikuwa barazani na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Anakaa Shauri Moyo, lakini alasiri nyingi humkuta kwetu. Alikuwa fundi wa Shirika la Posta na Simu mpaka shirika lile lilipogawanywa mwaka 1999, na watu wa simu hupima kwa biti. Sauti ya mtu mmoja kwenye mstari ni kilobiti 64 kwa sekunde. Sauti 30, pamoja na njia mbili za kuongozea, ni megabiti 2.048. Namba hizo amelala nazo na kuamka nazo maisha yake yote. Akaweka kikombe chini.

"Shemeji, nisamehe kwa kuingilia. Hizo mega 20 ni za biti."

"Mega ni mega, shemeji."

"Baiti moja ina biti nane. Gigabaiti 117 ni gigabiti 936. Ukigawa kwa megabiti 20 unapata sekunde 46,800. Hizo ni saa 13 kamili, kabla hujatoa anwani na vichwa vya kila pakiti, ambavyo hula kama asilimia tano ya njia. Mwambie dada yako karibu saa 14."

Bamdogo hakupenda. Alikuwa ameshaahidi, tena mbele ya watu, na sasa anasahihishwa na shemeji yake katika nyumba ya mama yake. Akaleta boksi la diski kutoka dukani kwake, akaonyesha maandishi. Mjomba naye akatoa simu na kuonyesha ujumbe wa kifurushi. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wa maandishi, kila mmoja alisema mega, na kila mmoja alisema kweli. Walibishana kwa adabu zote za mashemeji, "samahani" mbele na "niwie radhi" nyuma, mpaka chai ikapoa na watoto wa wapangaji wakaja kukaa chini kusikiliza.

Nyanya ndiye aliyewakata. Yeye alipokuwa msichana, nafaka ilipimwa kwa kibaba na kwa pishi, na vibaba vinne ndivyo pishi moja. "Mmoja wenu ana kibaba mkononi, mwingine ana pishi," alisema, "na mnagombana nani mwenye mchele mwingi. Tieni kwenye kipimo kimoja, kisha mniambie mwanangu atangoja mpaka lini."

Napenda nieleze kilichokuwamo kwenye kanda zile, kwa sababu bila hicho mbio zote zilizofuata hazina maana. Mwaka 2006 marehemu baba yangu aliazima kamera, akamkalisha Babu barazani siku baada ya siku, akamwacha aseme. Babu alikuwa mtoto mdogo kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakahamishiwa huku Pumwani na Shauri Moyo. Alikumbuka milango ikibebwa begani, kwa sababu mlango wa mbao ulikuwa mali. Alieleza jinsi Pumwani ilivyopimwa viwanja na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja wakitazamwa, na jinsi watu walivyojenga wenyewe juu ya viwanja hivyo nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, vyumba vya kupangisha vikawa pensheni ya wajane. Aliwataja majirani mlango kwa mlango. Alisoma kasida za maulidi za ujana wake. Na kwenye kanda ya nane aliwaombea wajukuu ambao wengine walikuwa hawajazaliwa. Mji huu una mafaili mengi yaliyoandikwa na waliowahamisha watu, na machache mno yenye sauti za waliohamishwa. Saa tisa zile kwangu zina thamani kuliko kiwanja tulichojengea.

Na zote zilikuwa zimeingizwa kwenye diski ya kompyuta moja ya zamani chini ya kitanda cha Nyanya, imefunikwa kitambaa cha kufumwa.

Tuliitoa, tukaiwasha. Iliwaka, alhamdulillahi. Diski imeandikwa gigabaiti 120 kwenye kibandiko, lakini kompyuta ilisema 111. Nyanya akauliza waliochukua hizo tisa ni akina nani. Hakuna aliyechukua. Kiwanda huhesabu giga kuwa 1,000,000,000, na programu ya kompyuta huhesabu 1,073,741,824, yaani 1,024 mara tatu kwa zenyewe. Tangu mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, limetoa majina mawili tofauti kwa vipimo hivyo, lakini kompyuta nyingi zimeendelea kutumia jina moja kwa vyote viwili. Kwa hiyo hata ndani ya baiti mashemeji wale wangeweza kugombana tena, na karibu wagombane.

Bamdogo alifungua sanduku, akatuonyesha kitu alichokiamini. Diski ilishikwa na utepe mpana wa kijivu, nyaya 80 zimelala sambamba, ncha yake ina pini 40. Ule ndio muunganisho wa IDE wa zama zile, na pembeni ya diski imeandikwa ATA/100: megabaiti 100 kwa sekunde. Chini kidogo ilikuwa kadi ya mtandao, nayo imeandikwa 100. "Mnaona," alisema, "mia na mia. Hapa hakuna kitakachokwama."

Mjomba aliinama, akavaa miwani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa diski na watu wa waya hawaelewani. Mia ya utepe ni megabaiti. Mia ya kadi ya mtandao ni megabiti. Ndani ya sanduku moja, sentimita chache kati yao, namba ileile inatofautiana mara nane. Mia ya utepe ukiigeuza ni megabiti 800 kwa sekunde. Mia ya kadi ukiigeuza ni megabaiti 12 na nusu. Waliobandika hawakudanganya. Wahandisi wa diski walitoka kwenye kusoma na kuandika herufi, na herufi hukaa kwenye baiti, basi wakahesabu baiti. Wahandisi wa simu walitoka kwenye mapigo yanayopita moja moja kwenye waya, wakahesabu mapigo. Vizazi viwili vya watu viliishi mbalimbali, kila kimoja na kipimo chake, mpaka vikakutana majumbani mwetu.

Mjomba akachukua kalenda ya ukutani, akaigeuza, akaanza kuandika nyuma yake. Alikuwa amefurahi. Mitambo ya mwanga aliyoiona kazini ilitumia ngazi za STM. Ngazi ya kwanza, STM-1, ni megabiti 155.52 kwa sekunde, na akatuonyesha namba hiyo inakotoka: kila fremu ina baiti 2,430, na fremu 8,000 hupita kila sekunde. Zidisha kwa nane na utaipata barabara. Kwa nini 8,000? Kwa sababu simu hupima sauti ya binadamu mara 8,000 kwa sekunde, na mitambo yote iliyofuata ilijengwa ibebe sauti kwanza. Ngazi ya nne, STM-4, ni megabiti 622.08. "Kwa hiyo shemeji," alimwambia Bamdogo, na safari hii kwa heshima ya kweli, "utepe wako wa megabiti 800 unaushinda mtambo wa STM-4. Lakini utepe wako hauruhusiwi kuzidi sentimita 46. Zaidi ya hapo mapigo yanachanganyikana. Wangu unatoka Nairobi unafika Mombasa."

Bamdogo aliutazama ule utepe, akanyamaza. Kisha akaongeza la kwake, na lilikuwa la maana: diski yenyewe, sahani zinazozunguka ndani, haiwezi kutoa megabaiti 100. Diski ya umri ule hutoa labda 40 ikiwa nzima. Ile mia ni ya njia. Msafiri ni mwingine.

Usiku ule Bamdogo alileta diski mpya ya nje, akaichomeka kwenye tundu la USB la kompyuta ile, akaanza kunakili. Kompyuta ilitoa onyo kwamba kifaa hicho kingeweza kwenda kasi zaidi kwenye tundu la kisasa. Hakuna aliyelijali onyo. Kisha likatokea dirisha la kunakili na muda uliobaki: dakika 1,950.

Nyumba nzima ilikuja kuangalia. Dada yangu, anayesomea mambo ya mitandao chuoni, aligeuza sanduku, akatazama nyuma, akasema tundu lile ni la USB 1.1. Kasi yake ya juu kabisa ni megabiti 12 kwa sekunde, yaani megabaiti moja na nusu, na mazungumzo ya kifaa na kompyuta yakishachukua sehemu yao hubaki megabaiti moja hivi. Sekunde 117,000. Saa 32 na nusu, kutoka chini ya kitanda mpaka juu ya meza, kabla ya kufikiria Maskati. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000 na megabiti zake 480, lakini kompyuta ile iliundwa kabla tundu hilo halijaenea, na umbo la tundu ni lilelile. Jicho halitofautishi. Hili ndilo linaloniumiza kwa watu wengi wa mtaani: wananunua waya mpya, diski mpya, wanachomeka kwenye mlango wa zamani, wanaona mambo hayaendi, wanakata tamaa na kumbukumbu zao zinabaki pale mpaka diski inakufa.

Dada hakukata tamaa. Alichomoa diski ya nje, akaleta laptopu yake na waya wa mtandao, akaunganisha mashine mbili uso kwa uso kupitia ile kadi ya mtandao iliyodharauliwa. Megabiti 100 ni megabaiti 12 na nusu. Kwa kweli zilipita 11. Dakika 1,950 zikawa saa tatu kasoro dakika chache. Katika sanduku lile, njia pana zaidi ya kutokea ilikuwa ile ambayo hakuna aliyeifikiria kuwa njia ya diski.

Jumanne baada ya Adhuhuri kazi ilianza. Kanda ya kwanza ikavuka, ya pili, ya tatu. Nyanya alileta mahamri na mbaazi, akakaa kitini akitazama mstari wa kijani ukijaa. Kanda ya saba ilikuwa katikati wakati mpangaji wa chumba cha nne, ambaye hakuwa na kosa lolote, alipochomeka pasi ya kanzu. Tokeni zikaisha. Stima ikakatika nyumba nzima, na kutoka ndani ya sanduku ukasikika mlio wa sahani zikipunguza mwendo.

Tokeni zilinunuliwa kwa simu mara moja. Kompyuta ikawashwa. Diski ikalia tak, tak, tak, na kompyuta haikuiona.

Sijawahi kuona ukumbi wetu ukiwa hivyo. Kanda ya nane, ile ya dua, ilikuwa bado haijavuka. Bamdogo, ambaye huko mjini amefungua maelfu ya mashine, alikaa chini sakafuni akashika kichwa. Mjomba akasema mashine izimwe kabisa, iachwe ipoe, isilazimishwe, kwa maana kichwa cha kusomea kikigusa sahani huchora na kuharibu daima. Tukaizima. Nyanya alisoma alichosoma. Baada ya Maghribi Bamdogo aliuchomoa ule utepe, akazifuta pini, akaurudisha akiubonyeza kwa vidole gumba viwili, akabadilisha na waya wa kupitisha umeme kwa mwingine kutoka begini mwake. Diski ikazunguka bila tak. Ikaonekana. Dada hakungoja ya saba imalizike. Alivuta ya nane kwanza. Gigabaiti 13 kwa megabaiti 11 ni kama dakika 20, na dakika zote hizo hakuna aliyeruhusiwa kugusa soketi yoyote. Kisha ikavuka ya saba, kisha ya tisa. Kila kanda ilikuwa faili yake pekee; ingekuwa faili moja kubwa, kukatika kule kungeturudisha mwanzo.

Saa nne usiku tulikuwa na Babu mzima ndani ya laptopu, na saa 13 za Mjomba zilikuwa tayari kuanza. Dada akapima mtandao kwanza. Kushusha, megabiti 20. Kupandisha, megabiti 5.

Hakuna aliyekuwa ameuliza kupandisha. Majumbani watu hushusha: filamu, mpira, masomo ya watoto. Kutuma gigabiti 936 kwa megabiti 5 kwa sekunde ni sekunde 187,200, saa 52. Kwa mwendo huo faili la mwisho lingefika usiku wa kuamkia Ijumaa, saa nane, ikiwa hakuna pakiti iliyopotea, hakuna tokeni iliyoisha, na hakuna mpangaji aliyetuma hata picha.

Mjomba aliigeuza kalenda tena. Nyaya zinazoning'inia kati ya nguzo za mtaa wetu, juu ya mabati, zinatumia mfumo unaoitwa GPON. Uzi mmoja wa kioo hutoka kituoni, mwanga wake hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, na wote hushusha kupitia megabiti 2,488.32 kwa sekunde na kupandisha kupitia 1,244.16. Aliposoma namba hiyo ya kwanza alisimama. 2,488.32 ukiigawa kwa 16 ni 155.52 kamili. Ni STM-16 ileile aliyoijua, na kila fremu yake huchukua sehemu ya 8,000 ya sekunde, kipigo kilekile cha sauti ya simu. Shirika alilolifanyia kazi limekwisha, mitambo aliyoifunga imetolewa, na bado kipimo chake kinapiga juu ya paa la Majengo kila sekunde. Aliyasema hayo kwa Bamdogo, na Bamdogo akamshika bega.

Baada ya hapo hapakuwa na ubishi tena, palikuwa na kazi. Bahari yenyewe haikuwa kikwazo. Tangu mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, Kenya haitegemei setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako swali na jibu lake yalichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. TEAMS huishia Fujairah, jirani kabisa na Omani, na mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi huko ni chini ya milisekunde 30. Baiti ya kwanza ya Babu ingefika kabla Nyanya hajamaliza kusema bismillahi. Shida ilikuwa baiti ya mwisho. Wepesi wa kufika ni jambo moja, wingi unaopita kwa sekunde ni jambo lingine, na matangazo ya intaneti huyachanganya yote mawili chini ya neno kasi.

Dada ndiye aliyegawa safari mara mbili. Saa moja ya kanda ya nane aliibana, kutoka megabiti 29 hivi kwa sekunde hadi megabiti 4, kwa mbinu za kisasa ambazo jicho la ukumbini halioni tofauti. Gigabaiti 13 zikawa 1.8. Kwa megabiti 5 hizo ni sekunde 2,880, dakika 48. Jumatano asubuhi, wapangaji wote wakiwa wameombwa, na wote wakiwa wamekubali hata yule wa pasi, faili liliondoka. Lilifika baada ya dakika 50 na kitu. Shangazi alipiga simu lakini hakuweza kuongea. Tulimsikia Babu nyuma yake.

Lakini Nyanya hakutaka Babu aliyebanwa peke yake. Alitaka Maskati kuwe na nakala kamili, zote tisa, ili nyumba hii ikiungua au ikibomolewa kama Pangani, pawe na mahali pengine. Sioni kwamba alikuwa anatia chumvi. Jirani yetu mmoja anayefanya kazi Maskati alikuwa anarudi huko Jumatano usiku. Bamdogo alinakili kila kitu kwenye diski ya nje, safari hii kwa tundu la USB 3.0 la laptopu ya dada. Tundu hilo hutajwa kuwa la gigabiti 5, lakini kila biti nane husafiri zikiwa kumi, basi ni megabaiti 500 na si 625. Na diski ya kuzunguka huandika kama 100 tu. Dakika 20 zilitosha. Diski ikafungwa kwenye leso, ikaingia mkobani.

Mjomba alipiga hesabu ya mkoba ule. Kutoka mlango wetu hadi mlango wa Shangazi, ukihesabu uwanja wa ndege na foleni zote, ni siku moja. Gigabiti 936 kwa sekunde 86,400 ni megabiti 10.8 kwa sekunde. Mkoba ulikuwa na kasi mara mbili ya faiba yetu ya kupandisha, na ungebeba diski tano kasi ingezidi mara tano bila ndege kuongeza mwendo. Akatusimulia habari ya mwaka 2009 kule Afrika Kusini, karibu na Durban, ambako njiwa aitwaye Winston alifungwa kadi ya gigabaiti 4 mguuni akaruka kilomita kama 80. Pamoja na muda wa kuhamisha data, alitumia saa mbili na dakika chache. Laini ya intaneti waliyoishindanisha naye ilikuwa imepitisha asilimia nne. Bamdogo akageuza papo hapo, kwa biti: njiwa alikwenda megabiti 4.2 kwa sekunde. Mjomba akaikagua, akakuta ni sahihi.

Ijumaa, katika ukumbi wa arusi, Babu alitokea na koti lake. Shangazi alituma kipande cha video: mabwana wazee wawili walisimama viti vyao, wakaitikia amini kwa sauti. Mmoja wao alizaliwa Pumwani, na amemwomba Shangazi kanda zote, kwa sababu kwenye orodha ya milango Babu aliutaja wa mama yake.

Habari imezagaa mtaani tangu hapo. Watu wanaleta mashine kwa Bamdogo: diski za utepe, sidii, hata kanda za DV zenyewe ambazo zinataka kamera yenye tundu la FireWire na kuingizwa kwa saa yake kamili, saa moja kwa saa moja, hakuna njia ya mkato. Mzee mmoja wa Gorofani, aliyekuwa na studio ya picha, ameleta diski ya SCSI yenye pini 68, picha za arusi za nusu ya Eastlands zimo ndani yake. Imeandikwa Ultra160. Mjomba ameshaigeuza: megabaiti 160 ni megabiti 1,280, inazidi kidogo njia yote ya kupandishia ya uzi mzima wa mtaa wetu. Kadi ya kuichomekea haijapatikana. Bamdogo ameuliza maduka yote ya barabara ya Luthuli, sasa anauliza wenye maghala ya vyuma chakavu kule Gikomba, na ameniambia yeyote mwenye seva ya kale ya ofisini asiitupe kabla hajampigia simu.